Sauti ya Ambrosi

Thelma Oakshott alikuwa na miaka arobaini na mitatu siku alipoambiwa aache mashine yake ya taipu, akawe mashine yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1966, majani ya miti yameanza kugeuka mekundu, na studio ya filamu ya Elmsgate, kaskazini ya London, ilikuwa imegeuzwa mbingu. Katika banda kubwa walilozoea kupigia picha za wafalme na farasi, sasa kilisimama chombo cha angani kiendacho sayari ya Neptuni. Ndani yake alibaki mtu mmoja tu aliye hai, akizungumza na mashine inayofikiri iitwayo Ambrosi. Thelma hakuwahi kukiona chombo hicho kwa macho. Yeye alikichapa. Kila alfajiri mwongozaji, Mmarekani mmoja mrefu mwenye sauti ya chini aitwaye Lowell Strand, aliamka na mawazo mapya, na kila asubuhi chumba cha taipu kililetewa kurasa zilizochorwachorwa kwa kalamu nyekundu, zichapwe upya, nakala kumi na nne, kabla ya chai ya saa nne.

"Huyu bwana ukimwambia aandike jina lake, atalibadilisha mara tatu," alisema Ivy Crump wa meza ya pili, akipuliza vumbi la kifutio. Ivy na Thelma walikuwa wamekaa meza hizo mbili miaka tisa, na hakuna mtu katika studio ambaye Ivy hakuwa na neno juu yake.

Siku hiyo mlango ulifunguliwa na Fenn, msaidizi wa mwongozaji, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

"Yule mzee wa tamthilia anayesoma maneno ya Ambrosi amepata homa ya koo," alisema. "Nimejaribu kusoma mimi, mwongozaji anasema nasoma kama dalali wa mnada wa ng'ombe. Nani hapa anayajua maneno ya mashine?"

"Thelma anayajua kwa moyo," Ivy alidakia. "Anayasema hata akila."

"Ivy, wee!"

"Uongo? Jana si umeniambia 'Joto la chombo ni la kawaida' nilipokuuliza kama supu imepoa?"

Basi wakamchukua. Nyuma ya ukuta wa chombo palikuwa na kibanda cha mbao, kidogo kama kabati la nguo, chenye kiti, maikrofoni, swichi ya kubonyeza na taa ndogo nyekundu. Humo ndani huoni chombo, huoni nyota, humwoni mtu. Fenn alimpa hedifoni, akamwambia, "Taa ikiwaka, ngoja aseme, kisha mjibu. Usiigize. Wewe ni mashine." Akafunga mlango.

Thelma alivaa hedifoni. Masikio yalipofunikwa, na ule mvumo mdogo wa waya kuanza kusikika, mikono yake ikaenda yenyewe: wa kushoto juu ya karatasi, wa kulia kwenye swichi. Miaka ishirini na miwili mikono hiyo haikuwa imekaa hivyo.

Taa ikawaka. Sauti ya mwanamume, mbali kidogo, ikasema, "Ambrosi, nipe hali ya chombo."

Thelma akabonyeza, akampa hali ya chombo.

Walipomaliza, Strand alizunguka nyuma ya ukuta mwenyewe, akafungua kibanda.

"Umejifunzia wapi kusema namna hiyo?"

"Namna gani, bwana?"

"Kama mtu aliyeona kila baya na hataki mwenzake ajue."

"Jeshini," Thelma akajibu.

Maana yake ilikuwa hii. Wakati wa vita, akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, Thelma alifanya kazi katika mnara wa kuongozea ndege kwenye uwanja mmoja wa Lincolnshire. Ndege za mabomu ziliondoka jioni kwenda Ujerumani, na kulipokaribia kupambazuka zilianza kurudi, moja moja, zikiita. Kazi yake ilikuwa kuzijibu. "Nakusikia. Njia iko wazi. Shuka." Basi. Walimfundisha kwamba sauti isitetemeke hata kama ndege inaungua mbele ya dirisha, kwa sababu aliye juu anashika sauti hiyo kama mtu anavyoshika kamba.

Mmoja wa hao wa juu alikuwa Emrys Bebb, rubani, Mwelisi wa miaka ishirini na mitatu kutoka Nefyn, mji mdogo wa pwani ya Welisi. Walitembea pamoja Jumapili nne. Ya nne alimwambia kwamba vita ikiisha atampeleka kwao, akaone jinsi mama yake anavyoweza kumgombeza mtu mpaka mtu huyo akashukuru.

Asubuhi moja ya Machi mwaka 1944 alimsikia akiita kutoka juu ya bahari. Injini mbili zimekufa, ya tatu inakohoa. Alimjibu. Akaita tena, akamjibu tena. Sauti yake ikawa inapungua, si kwa hofu, kwa umbali tu, au kwa kushuka. Kisha hapakuwa na kitu. Thelma aliendelea kuita. Aliita mpaka jua likatoka, mpaka ofisa wake akamvua hedifoni polepole kama anayemvua mtoto kofia.

Hakukupatikana mabaki, wala mwili, wala kaburi. Mwezi uliofuata ilikuja barua kutoka Nefyn, mwandiko wa mtu asiyezoea Kiingereza. Mama yake Emrys alikuwa amesikia kwa rafiki wa mwanawe kwamba msichana wa mnarani ndiye aliyezungumza naye mwisho. Aliuliza jambo moja: *Je, alisema chochote?*

Mambo ya mnarani yalikuwa siri, kwa hiyo Thelma hakujibu. Vita ikaisha, siri ikaisha, na yeye hakujibu. Mwanzoni hakujua aanzeje. Baadaye aliona aibu kwa kuchelewa, na kila mwaka aibu ikazidi, mpaka barua ikawa kitu cha kukaa kwenye droo chini ya glavu. Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa. Alikuwa akimtazama mposaji, anamwona mtu mwema, na sikio lake likabaki limegeukia kwingine.

Homa ya yule mzee wa tamthilia iligeuka nimonia, na wiki moja ya Thelma kibandani ikawa wiki tisa. Aliyekuwa upande wa pili wa waya alikuwa Warren Teague, mwigizaji kutoka Nebraska, mwenye mke na mabinti wawili wadogo aliowaacha huko. Kwa siku tatu za kwanza hawakuonana. Ya nne, Thelma akiwa kantini na sahani ya pai ya figo, kijana mmoja mwenye alama nyekundu za kofia ya chuma kwenye paji la uso alisimama mbele yake.

"Samahani dada. Ni wewe Ambrosi?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani utakuwa mrefu zaidi."

"Nami nilidhani huko angani hamli viazi," alisema Thelma, akitazama viazi kwenye sahani ya kijana.

Tangu hapo walikula pamoja. Warren alimsimulia mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, na jinsi binti yake mdogo anavyoongea na simu hata haijalia. "Wakinining'iniza kwenye zile waya, kichwa chini, miguu juu, nimezungukwa na giza, sina kitu cha kushika isipokuwa wewe," alimwambia siku moja, kwa mzaha lakini si mzaha sana. Thelma alisogeza chumvi kutoka hapa kwenda pale.

Usiku alianza kuota tena. Hakuota ndoto mbaya. Alimwota Emrys akitembea upande wake wa kulia, akizungumza, na yeye akijua kabisa ni nini anachosema. Alipoamka alibaki na sauti tu, maneno yamekwenda. Alijikuta akiwahi studio kabla ya watu, akakaa kibandani na hedifoni masikioni, taa haijawaka, akisikiliza mvumo.

Ndipo ukafika ukurasa wa mia moja na kumi na nane.

Thelma alikuwa ameuchapa mara tisa. Mtu wa angani ametoka na chombo kidogo kutengeneza kilichoharibika, taa zake zimezimika, haoni njia. Ambrosi, ambayo nguvu zake zinakwisha, inamwongoza arudi: kushoto nyuzi mbili, punguza mwendo, sawa. Halafu katikati ya neno inanyamaza, imekufa. Mtu anaiita mara tatu. Hajibiwi. Anatafuta mlango peke yake.

Mara tisa Thelma alikuwa ameyapiga maneno hayo kwa vidole, na vidole havisikii.

Taa ikawaka. Alimwongoza. Kushoto nyuzi mbili. Punguza. Sauti yake aliishusha kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, mpaka ikakatika. Akaondoa mkono kwenye swichi.

"Ambrosi?" Warren akaita.

Thelma alikaa kimya.

"Ambrosi, unanisikia?"

Kibandani palikuwa na baridi. Thelma aliikalia mikono yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa upande huo: yeye ndiye anayeitwa, yeye ndiye asiyejibu. Akajua sasa jinsi sauti yake ilivyokuwa imefika huko juu ya bahari, kama ilifika, asubuhi ile yote, ikiita chumba cha rubani kisicho na mtu.

Warren akaita mara ya tatu, na hakusema kilichoandikwa. Alisema polepole, "Sema chochote. Tafadhali."

Mkono ukatoka wenyewe ukabonyeza.

"Nakusikia," alisema Thelma. "Nakusikia vizuri. Njia iko wazi. Taa zote zimewashwa kwa ajili yako. Shuka tu, mpenzi. Shuka."

Hakuna aliyesema "Kata." Kwenye hedifoni alisikia pumzi ya Warren ikiingia, ikakwama, ikatoka. Kamera ziliendelea kuzunguka kwa muda ambao yeye aliuona mwaka. Kisha Strand akasema, kwa sauti yake ya chini, "Kata," na nyayo zake zikazunguka ukuta.

"Maneno hayo yako ukurasa gani?"

"Hayapo, bwana. Nisamehe. Nitarudia vizuri."

Strand alikuwa mtu wa kurudia picha ya mlango ukifungwa mara arobaini. Alisimama akikwaruza kidevu, akamtazama mwanamke huyu wa taipu, sweta yake ya kijivu, uso umelowa.

"Haturudii," alisema, akaondoka. Fenn karibu aangushe ubao wake wa karatasi.

Warren alikuja baadaye, bado amevaa lile vazi zito la angani, kofia kwapani, akakaa juu ya sanduku la nyaya mbele ya kibanda. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa unamwambia nani?"

Thelma akamwambia. Alimwambia yote, Jumapili nne, injini ya tatu, barua kwenye droo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Ivy.

"Yule mama yu hai?"

"Sijui."

Warren aligeuza kofia mikononi. "Mimi nimeita pale juu kwa dakika moja tu bila kujibiwa," alisema, "na ni mchezo, najua ni mchezo, najua wewe umekaa hapa na kikombe cha chai. Lakini Thelma, dakika moja!" Hakumwambia aende Nefyn wala asiende.

Jumamosi iliyofuata Thelma alipanda treni mbili na basi.

Nyumba ya kina Bebb ilikuwa ya mwisho juu ya mteremko, bahari chini yake kijivu kama mawe ya paa. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka hamsini hivi, aproni kiunoni, unga hadi kwenye viwiko. Huyu alikuwa Nest, dada yake Emrys.

"Ndiyo?"

"Naitwa Thelma Oakshott. Nilikuwa—"

"Najua ulikuwa nani. Jina lako limeishi nyumba hii miaka mingi kuliko mume wangu." Hakusogea mlangoni. "Mama alikungoja. Unajua alikungoja vipi? Mpaka tarishi akawa anavuka barabara apite upande wa pili, asionane naye. Hukuwa na kalamu?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi?"

"Sina la kusema, dada. Ukinifukuza ni haki yako."

Kutoka ndani sauti ya kizee ikauliza kitu kwa Kiwelisi. Nest akageuka akajibu kwa kupaza sauti, na katikati ya maneno Thelma akasikia jina lake. Kisha sauti ikasema tena, fupi.

"Anasema nini?"

"Anasema ufunge mlango, baridi inaingia."

Mama Bebb alikuwa karibu na moto wa makaa, mdogo kuliko kiti chake, shali nyeusi, sindano za kufumia mapajani. Alimpima Thelma kuanzia viatu hadi kofia, bila haraka.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, kwa Kiingereza safari hii. "Ulikuja kwa miguu?"

"Nilichelewa, mama."

"Hilo nimeliona. Kaa. Upande huu, sikio la huko limekwisha."

Thelma akakaa. Akaanza na injini, lakini kizee akapunga mkono: injini aliambiwa na serikali. Anataka alichosema mtoto.

"Aliuliza kuna nini mezani," alisema Thelma. "Walikuwa wakirudi wanapikiwa mayai. Ilikatazwa kusema mambo kama hayo hewani, lakini yeye hakujali. Alisema, 'Thelma, waambie leo nataka mawili.' Nikamwambia yapo mawili. Akasema, 'Na usimpe mtu mwingine.' Halafu sikumsikia tena."

Nest, aliyesimama mlangoni, aliweka mkono wa unga mdomoni. Mama Bebb alitazama moto. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Thelma akadhani analia, kumbe kicheko.

"Mawili!" alisema. "Nest, umesikia? Anakufa na anadai mawili! Yule mtoto alikuwa mlafi toka tumboni." Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shali, na kufuta huko kukachukua muda mrefu kuliko kicheko. Kisha akauliza, "Na wewe, aliponyamaza, ulimwambia nini?"

"Maneno ya kazi tu, mama."

"Yaseme."

Thelma akainama kwenye sikio lililobaki, akayasema, kwa sauti ileile. Nakusikia. Njia iko wazi. Shuka.

"Tena," alisema Mama Bebb, amefumba macho.

Akayasema tena. Na mara ya tatu. Jikoni, alikoingia Nest, bomba la maji lilikuwa limefunguliwa, likatiririka na kutiririka, na hapakuwa na chombo kilichooshwa.

Baadaye walikunywa chai na mkate wa zabibu. Nest alimkatia kipande kinene bila kumtazama. Saa ya basi ilipofika, kizee alimshika Thelma kifundo cha mkono kwa nguvu asizotarajia.

"Usifikiri nimekusamehe," alisema. "Uje Pasaka. Nitaangalia."

Alikwenda Pasaka, na kiangazi, mara mbili. Mama Bebb hakusema kama amesamehe. Kila safari alimgombeza juu ya jambo jipya, koti lake, ukondefu wake, namna anavyokata mkate, na Thelma akaja kuelewa lile aliloambiwa Jumapili ya nne. Kizee alifariki Oktoba mwaka 1967, na Nest akampelekea Thelma telegramu kabla ya kuwapelekea binamu.

Filamu haikuwa imetoka bado. Strand alikuwa akiikata na kuikata tena. Mwezi Januari Thelma alipata barua rasmi kutoka ofisi yake, ikimshukuru kwa msaada wake wa thamani, na kumjulisha kwamba sauti ya Ambrosi itarekodiwa upya na mwigizaji wa kitaaluma, mwanamume. Barua hiyo aliipokea kutoka meza ya pili.

"Nimeichapa mimi mwenyewe, shoga," alisema Ivy, macho chini. "Nilitaka nikosee kila neno makusudi."

"Umeichapa vizuri, Ivy. Pambizo zimenyooka."

"Washenzi!"

Mwezi Mei walikwenda wawili kuitazama, Jumatano mchana, katika sinema kubwa katikati ya London. Ambrosi ilikuwa na sauti nzito, ya adabu, nzuri kwa kweli. Lakini mwanamume yule alilazimika kusema maneno yake ndani ya nafasi ambazo Warren alikuwa amemwachia mwingine, na Thelma alizijua nafasi hizo zote. Kila mahali alipovuta pumzi yeye, yule naye alivuta.

Ukurasa wa mia moja na kumi na nane ulipofika, mashine ikanyamaza katikati ya neno. Warren akaita. Akaita tena. Akasema, "Sema chochote. Tafadhali." Hakuna kilichojibu, walikuwa wameyafuta maneno ya Thelma wakaacha ukimya mtupu, na kwenye pazia lile pana, ukubwa wa nyumba, ukabaki uso wa mtu anayesikiliza. Kisha uso huo ukabadilika. Ulifunguka, machozi yakasimama, na mtu yule akashika usukani kama aliyeambiwa jambo na mtu anayemwamini, akakigeuza chombo chake moja kwa moja kuelekea mlangoni.

Ivy aligeuka kumtazama rafiki yake gizani, akaupapasa mkono wake, akaushika.

Walipotoka kulikuwa na manyunyu. Ivy alikwenda upande wa stesheni ya chini ya ardhi, Thelma akasimama kwenye foleni ya basi. Mbele yake walikuwa wanafunzi wawili wa chuo, kijana na msichana, wamejifunika gazeti moja, wakibishana.

"Hakuna alichosikia," kijana alisema. "Ile ndiyo maana yenyewe. Ulimwengu ni kimya, bwana, mtu anajidanganya."

"Wewe ulikuwa unaangalia nini? Mtu hajidanganyi kwa uso ule. Kuna kitu kimemjibu."

"Kitu gani sasa?"

"Nitajuaje? Lakini alijibiwa."

Thelma aliinua mkono. Ulifika karibu kabisa na mkono wa koti la msichana yule, koti la rangi ya machungwa lenye vifungo vikubwa. Basi la ghorofa likaja, watu wakasukumana, na wale wawili wakapanda juu mbio, bado wanabishana. Yeye alikaa chini karibu na dirisha, mvua ikiteremka kwenye kioo, sikio lake likifuata nyayo zao pale juu mpaka zikatulia.